Maestro na Mbwa wa Mugunga

Maestro hakuwa mtu wa kubisha hodi. Alisimama mbele ya mlango wako akakohoa, kikohozi kimoja kinene cha besi, na usipotoka aliliimba jina lako kwa sauti ya kushuka, kama mtu anayemaliza zaburi. Wapangaji wapya walishtuka. Sisi wa zamani tuliitika huku mswaki ungali mdomoni.

Aliongoza kwaya ya parokia yetu hapa Goma tangu mimi nikiwa na nywele zote kichwani. Jina lake la ubatizo nalijua, lakini sikuwahi kumsikia mtu akilitumia, hata padri, na nikiliandika hapa nitajiona kama ninamzungumzia mtu mwingine. Nilipanga chumba katika parsele yake, kiwanja chenye nyumba mbili na jiko, kilichozungushiwa ukuta wa mawe meusi ya volkano. Nasema nilipanga, ingawa nusu ya miaka hiyo sikulala humo. Mimi ni mtu wa kuondoka: miezi kadhaa Kalengera nikinunua maharagwe, mwaka Bunia, mwaka mwingine Uvira. Niliporudi niliweka begi chini, nikakaa kwenye ngazi, nikaanza kutafuta ni kitu gani kimebadilika kwa Maestro. Hakikukosekana. Safari moja alikuwa amenyoa ndevu. Safari nyingine alikuwa ameacha kutia sukari kwenye chai, anailamba kavu kwa kijiko, akisema kwamba ndani ya chai sukari inapotea bila mtu kuiona.

Alipenda sauti kubwa. "Imbeni kwa nguvu," aliwaambia wanakwaya wake. "Mungu haiko kiziwi, ile tunajua. Lakini kuko batu kule Rutshuru habajasikia bado." Ngoma zake zilisikika hadi barabara ya lami, na mhubiri wa kanisa dogo la nyuma yetu alikuwa amezoea kusali kimoyomoyo siku za mazoezi yetu. Lakini mtu huyohuyo hakuvumilia honi ya pikipiki. Akienda mjini alijaza pamba masikioni. Honi, alisema, ni noti isiyo na baba wala mama.

Katika kusamehe pia hakueleweka. Wezi waliingia wakachukua sufuria zake. Asubuhi akaukuta mfuniko mmoja wameuacha, akauweka nje juu ya ukuta waupitie. "Sufuria bila mufuniko itabatesa," alisema. Lakini kuna mwimbaji mmoja wa tenori, mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye miaka mingi iliyopita aliuanza wimbo wa Utukufu juu mno katika misa ya Pasaka, kwaya nzima ikakwama katikati. Huyo, Maestro hakumsamehe. Wakikutana sokoni alimwambia, "Papa, uko sawa? Na koo?" kisha akapita.

Sasa niseme habari ya mbwa, kwa sababu ndiyo inayonirudia kila ninapomkumbuka.

Nilikuwa nimetoka Uvira. Ilikuwa siku ya mazoezi, na kwa kuwa ukumbi wa parokia ulikuwa umegeuzwa madarasa, kwaya ilikuwa ikifanyia mazoezi katika parsele yetu, chini ya turubai kubwa la plastiki lililotandazwa siku za mazoezi kutoka paa la nyumba hadi ukutani. Goma turubai hilo tunaliita bashi. Nilifungua mlango wa nje nikakutana na mlango wa pili, wa mbao mpya, hatua chache kutoka wa kwanza. Nikafungua na huo. Waimbaji wote walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, midomo inafunguka na kufungika, na mimi sisikii kitu. Nilidhani masikio yangu yamejaa vumbi la njia. Kumbe waliimba, lakini kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa. Ngoma zilikuwa kando, zimefunikwa blanketi.

Rais wa kwaya, mama mmoja mwenyeji wa Butembo tuliyemwita Mama Prezidenti, alijiwekea kidole mdomoni.

"Pole pole. Mugeni analala."

"Mugeni gani?"

"Mbwa."

Nikacheka.

"Usicheke," alisema. "Shiye tulisha kucheka, tukamaliza. Sasa tunalia."

Niliyoyajua baadaye niliyaokota kipande kipande. Kambi za wakimbizi za Mugunga, kule njia ya Sake, zilikuwa zimebomolewa na watu wameambiwa warudi makwao. Maestro alikwenda kumtafuta mwimbaji wake mmoja aliyekuwa akiishi huko. Alikuta uwanja wa mawe meusi, vipande vya plastiki, na katika shimo la choo ambacho hakikumalizika kuchimbwa, mbwa jike wa rangi ya majivu, mbavu nje, anatetemeka hata meno yanagongana. Alikaa kwenye ukingo wa shimo. Mbwa hakutoka. Akaenda zake. Kesho yake akarudi na vichwa vya sambaza, dagaa wetu wa ziwa, akavitupa shimoni, akakaa tena. Akarudi na siku iliyofuata, na nyingine. Mwisho alikodi chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili, akapakia sanduku la spika za kwaya likiwa tupu, akaweka sambaza ndani, akangoja mpaka mbwa akaingia mwenyewe. Akalifunika sanduku kwa kanzu yake ya kwaya ili mbwa asione njia. Wakaja hivyo kutoka Mugunga, mwenye chukudu akisukuma kama amebeba mayai. Jumapili ile Maestro alivaa kanzu hiyohiyo, na sopran wa mstari wa mbele waliimba wamegeuza nyuso upande.

Nilimuuliza kwa nini. Nilimuuliza zaidi ya mara moja, maana kila jibu lilikuwa jingine. Mara alisema ni kwa ajili ya wezi. Mara alisema nyumba isiyo na mnyama ina mwangwi mbaya. Siku moja, tukimenya viazi, alisema, "Alikuwa anatetemeka ku mezire." Alimaanisha kutetemeka kwa mapigo sawa, kama wimbo. Sikujua kama ni utani. Uso wake haukuniambia.

Hakumpa jina. Sisi tulimwita Mugeni, na likabaki hilo. Jirani akamkumbusha Maestro, "Muzee, mugeni ni siku mbili, ya tatu umupe jembe. Huyu atalinda lini?"

"Jembe lenyewe analikimbia," Maestro alijibu. "Ungoje."

Watu wetu mbwa wanamjua kwa njia moja: mchana mnyororo, usiku mlinzi, na asiyeng'aka ni hasara. Maestro hakufuata hata moja. Alimpa Mugeni pembe iliyo kati ya jiko na ukuta, akamwekea gunia na lile sanduku la spika kwa upande, akaagiza kwamba mtu akipita pale asimwangalie mbwa machoni, asimwite, asimpigie mluzi. Watoto wa parsele walifundishwa hayo kama sala. Chakula, bugali na sambaza, alitoa yeye tu, asubuhi na jioni, mahali palepale. Akishaweka sahani aligeuka, akakaa kwenye kigoda mgongo ukiwa kwa mbwa, akasoma nyimbo zake kwenye karatasi, do re mi, kwa sauti ya puani. Mlango wa pili ulijengwa kwa sababu hiyo: mtu akifungua wa nje, mbwa asipate upenyo wa kuchomoka kwenda kukanyagwa na malori. Kamba ilikuwa ndefu na laini, na akimtembeza alimpitisha nyuma, kwenye vichochoro, asubuhi kabla pikipiki hazijaamka. Mganga wa wanyama alikuja kumchoma chanjo ya kichaa cha mbwa, akamsifu Maestro, akasema amngoje hivyo hivyo, asiharakishe. Nadhani sifa ile ilimharibu kidogo. Tangu hapo alizungumza habari za mbwa kama mtu aliyesomea Kinshasa.

Na mbwa alikuwa akifunguka kweli. Siku moja nilikuwa nafua, nikahisi kitu cha baridi kwenye kisigino. Ilikuwa pua. Sikugeuka. Nilibaki nimeinama na shati mkononi mpaka mgongo ukaniuma, na nilifurahi kuliko nilivyotegemea.

Lakini mazoezi yakianza, kila kitu kiliharibika. Mugeni aliingia sandukuni, akakwaruza mbao, akajikojolea. Maestro alihukumu mara moja: ni ngoma. Ni nani katika Goma angebisha? Sote tumelala chini ya vitanda tukihesabu mabomu yanaangukia wapi. Mtoto wa Mama Prezidenti mpaka leo mlango ukipigwa na upepo anaziba masikio. Mbwa aliyetoka Mugunga ataogopa nini kingine? Basi ngoma zikafunikwa blanketi. Haikutosha. Ngoma zikawekwa kando. Haikutosha. Makofi yakakatazwa, kisha vigelegele, kisha besi, ambao ni mimi na wenzangu, tukaambiwa tuimbe "kwa pumzi". Mbwa bado alitetemeka. Maestro akazidi kutupunguza.

Sikukuu ya msimamizi wa parokia ilikuwa inakaribia, siku ambayo kwaya zote huimba na watu hulinganisha mwaka mzima. Vijana wa kwaya nyingine walikuwa wamekwisha kutupa jina: Kwaya ya Hospitali.

"Muzee, leo shiye banaume tuvae pijama?" mpiga ngoma wetu aliuliza. Alikuwa mwashi wa ukuta, mikono kama koleo, na bila ngoma alikaa mbele yetu kama mtu aliyepotelewa na mke.

Maestro hakucheka. "Mbwa anasikia kuliko wewe. Heshimu."

Siku ya upepo mbaya, mpiga ngoma alipita karibu na pembe ile kwenda kuchukua benchi. Mugeni akatoka sandukuni kama jiwe la manati, akamshika suruali, meno yakafika kwenye nyama. Hakikuwa kidonda kikubwa, na chanjo ilikuwepo, lakini jioni yake shefu wa avenyi, kiongozi wa mtaa wetu, alifika akiwa na watu wawili.

"Muzee, mi ninakuheshimu," alisema. "Mama yangu alizikwa na nyimbo yako. Lakini mbwa akiuma tena, hatutauliza. Tutamumaliza na fimbo, hapa hapa."

Maestro alisimama mbele ya sanduku. Alikuwa mfupi, sikuwa nimeona hivyo kabla.

"Hataanza tena."

"Umeongea na yee?"

Walipoondoka, Mama Prezidenti alibaki. Hakupandisha sauti, na hilo lilitisha zaidi.

"Maestro, kamati ilikaa. Uchague. Kama kwa repetisyo, mazoezi inayokuja, ngoma hazilii, tutaenda kuimbia ku parsele ya mwingine, na mwingine ataongoza. Miaka yote tumekufuata. Lakini hatutaenda ku sikukuu tunanong'ona kama wezi."

"Mupige ngoma, huyu atauma. Akiuma, batamuua."

"Njo maana nimesema uchague."

Alipotoka alifunga milango yote miwili kwa uangalifu, kwanza mmoja, kisha mwingine, kama tulivyofundishwa.

Jioni ile Maestro hakulamba sukari. Alikaa kwenye kigoda chake, na mimi nikakaa kwenye ngazi. Nilimwambia ampeleke mbwa kwa mkulima, kule Kalengera nina watu. Akasema, "Mutu anapelekwa, anapelekwa, mwisho hajue tena nyumba ni nini." Sikujua anamsema nani.

Kabla ya siku ya mazoezi kufika, bibi mmoja wa avenyi yetu alifariki. Kwetu penye kilio hapakosi bashi: watu wanakaa nje siku kadhaa, na mvua ya Goma haina adabu. Mwenye bashi kubwa anaitoa bila kuombwa mara mbili. Vijana walikuja wakaifungua ile yetu ukutani, wakaibeba mabegani. Na kwa kuwa marehemu alikuwa mama wa parokia, kwaya iliagizwa iimbe mazishini, kwa ngoma, jinsi alivyopenda. Mazoezi yakawa si ya kuahirisha wala ya kunong'ona.

Maestro alimfungia Mugeni ndani ya chumba chake mwenyewe, akaziba dirisha kwa godoro. Akaja mbele yetu, chini ya anga tupu. Mikono aliyoinyanyua ilikuwa mizito. Mpiga ngoma aliiondolea ngoma blanketi, akaiangalia, akamwangalia Maestro.

"Piga," Maestro alisema, akafumba macho.

Sisi nasi tuliimba. Mungu anisamehe, ilikuwa kilio, lakini tuliimba kama watu waliofunguliwa jela. Katikati ya ubeti wa pili nikaona macho ya alto wote yamekwenda upande mmoja. Mlango wa Maestro haukuwa umeshika vizuri. Mugeni alikuwa ametoka. Alisimama kwenye ngazi, sikio moja juu. Kisha akashuka, akavuka uwanja mbele ya watu wote, akafika kwenye ngoma kubwa, akainusa, akajizungusha, akalala chini yake.

Ngoma ikasimama. Mbwa akainua kichwa kuona kwa nini.

"Usiache! Piga!" Maestro alipiga kelele, macho sasa yamefunguka. "Piga, wee!"

Mpiga ngoma akapiga, mguu ule ulioumwa ameukunja mbali. Mugeni akaweka kidevu juu ya makucha yake. Mtetemo wa ngoma uliyatikisa manyoya ya mgongo wake, na alionekana kuupenda.

Tulimaliza wimbo, hakuna aliyekwenda nyumbani. Tulikuwa kama watu waliokuta ng'ombe juu ya mti. Mmoja alisema mbwa amekuwa kiziwi. Mwingine akasema ni roho ya marehemu imemtuliza. Mama Prezidenti alisimama, akatembea mpaka mahali alipozoea kukaa, akakaa, akaangalia juu. Akaangalia kamba zilizobaki zinaning'inia ukutani.

"Bashi," alisema.

"Bashi nini?"

"Maestro, ile kitu inafanya kelele gani upepo ukija?"

Tuliisikia sote vichwani mwetu. Pa. Pa. Paa. Tuliisikia kila mazoezi upepo ukija, na kwa kuwa kila mtu Goma ana bashi, hakuna aliyekuwa bado anaisikia. Mtu akachukua kipande cha plastiki kilichofunika kuni, akakikung'uta mara moja tu. Mugeni aliruka, akapita kati ya miguu yetu, akaingia sandukuni, na kwa ndani tukasikia zile kucha.

Hatukujua yaliyompata chini ya bashi kule kambini. Nimewaza mengi. Labda kibanda kilimwangukia wakati wa kubomoa, labda watu wake waliondoka huku plastiki inapigapiga na hilo ndilo la mwisho alilosikia kwao. Maestro hakutaka tubahatishe. Alikaa kwenye benchi la alto, jambo ambalo halijawahi kutokea, akasema, "Nimemusikiliza na masikio yangu. Na yee iko na yake." Kisha akamgeukia mpiga ngoma. "Na wewe, unisamehe. Nimekunyima ngoma bure." Mpiga ngoma alijibu kwamba suruali ndiyo ilimuuma zaidi.

Bashi iliporudi kutoka kilioni Maestro aliikunja akaipeleka kwa padri. Tulifanya mazoezi juani, na mvua ikija tulilowa, sopran wakilalamika kwa ajili ya nywele, mpaka mwashi wetu akakusanya mabati ya zamani akatujengea kibanda. Mvua ikipiga mabati husikii hata unachofikiri. Mugeni alilala usingizi. Shefu wa avenyi alikuja kukagua, akampigia mbwa mluzi, akakumbushwa na mtoto wa parsele kwamba hapigiwi mluzi, akaomba radhi.

Kwenye sikukuu tuliimba kwa nguvu zetu zote, isipokuwa ubeti mmoja. Ubeti huo Maestro aliushusha mpaka kwenye pumzi, kama tulivyozoeshwa bila kupenda, na wazee wa mabenchi ya mbele waligeuka wakidhani umeme umekatika. Vijana wa kwaya nyingine walikuja kutuuliza tumejifunza wapi. Mama Prezidenti aliwaambia, "Ku hospitali."

Niliondoka tena. Nilirudi, nikaondoka.

Mara ya mwisho nilimwona asubuhi moja Kituku, mahali pa mitumbwi na soko la samaki, nilipokwenda kupanda boti ya Minova. Maestro alikuwa ufukweni na begi, amekonda, magoti yamemwishia. Mugeni alikuwa pembeni yake, mdomo umeanza kuwa mweupe. Binti yake wa Minova alikuwa amemwambia hawezi tena kuishi peke yake, na hatimaye amekubali. Parsele aliiacha mikononi mwa Mama Prezidenti.

"Tuko mu safari moja, basi," alisema, na akanishika mkono muda mrefu.

Boti zile za mbao zinafunikwa juu kwa bashi, kwa ajili ya jua na mvua. Mbwa aliiona kabla yetu. Alilala chini mchangani akawa mzito kama mfuko wa saruji. Upepo wa ziwa ulikuwa umeanza.

"Muzee, panda!" kapiteni aliita. "Mbwa aingie chini ya bashi na mizigo, hakuna shida."

"Hataingia. Toa bashi."

Boti nzima ilipiga kelele. Mama mmoja mnene, amekalia magunia ya unga, ndiye aliyesikika zaidi.

"Bashi itoke? Mvua ile pale inakuja, munaiona! Unga yangu ilowe sababu ya mbwa? Papa, mbwa huyu alikuzaa?"

"Hapana, mama."

"Basi mwache!"

Maestro alilitazama ziwa, upande wa Minova. Kisha akachukua begi lake, akaliweka mchangani, akakalia juu yake. "Mwende," alisema kwa sauti ya kawaida. "Mumwambie binti yangu niko muzima."

Kapiteni alishika kichwa. Mimi nilimwambia kuna nafasi mbele kabisa, kwenye pua ya boti, bashi haifiki pale. Akasema pale mawimbi yanapiga, na muzee ana kifua. Maestro alikwisha kusimama. Aliingia majini na viatu vyake mpaka magotini, akamchukua Mugeni mikononi, tukawasukuma wote wawili juu ya pua ya boti. Nilitaka kukaa naye, kapiteni akakataa, uzito. Nikarudi chini ya bashi, karibu na mama wa unga.

Tulipotoka kwenye ghuba mvua ilianza, na upepo ukaingia chini ya bashi. Pa. Nilimwona Mugeni akiinuka. Pa, pa. Maji yalikuwa meusi pande zote, na mbwa alikuwa anayaangalia kama mlango. Maestro alimkumbatia kwa mikono yote miwili, hakuwa ameshika kitu kingine, na kila wimbi lilimsogeza. Nililikamata pindo la bashi nikalivuta chini. Upande wangu ukanyamaza. Upande wa pili ukaendelea kupiga.

"Mama," nilisema. "Ushike ile."

"Mi nishike bashi sababu ya mbwa?"

"Ushike sababu ya muzee. Mbwa akiruka, na yeye ataruka."

Alinitazama, akatazama mbele, mgongo ule mdogo uliolowa. Alisonya. Kisha akalikamata pindo kwa ngumi zote mbili, akakalia kipande kingine. "Na nyinyi wengine?" aliwakemea wa nyuma. "Muko mu sinema? Shikeni!"

Wakashika. Mwanafunzi, mwenye kuku, mume na mke waliokuwa wakigombana tangu Kituku, kila mtu na kipande chake cha plastiki. Mvua ilipiga juu yetu lakini bashi ilikaza kama ngozi ya ngoma, haikupiga tena. Tulisafiri hivyo, mikono juu, maji yakitiririka kwenye mikono ya mashati mpaka kwapani, na hakuna aliyeweza hata kujikuna.

Mama wa unga hakuweza kuona mbele kutoka alipokaa.

"Mbwa amelala?" aliniuliza.

Nilinyoosha shingo. "Bado."

"Na muzee?"

"Anamuimbia, nafikiri. Mdomo unaenda."

Alibadilisha mkono.

"Basi tushike," alisema.